Siku ya Kuapia Padi

Tarehe 4 Mei 2071, asubuhi ya manyunyu. Mashamba yalilimwa na mitambo, na kila mkulima aliuongoza wake kwa padi ya gemu aliyoiapia mbele ya mashahidi, asiibadilishe mpaka uzeeni.

Mkulima mmoja, mwanamke aliyeitwa Sikudhani, alijaribu padi mbili. Moja ilikuwa ngumu, vitufe vikimchoma vidole gumba. Nyingine ilikuwa laini, ikamkaa kiganjani kama yai kiotani.

“Chukua ngumu, mama Tunu,” alinong’ona mumewe, Mbaruku. Laini kama ile, aliyoiapia yeye zamani, ilikuwa imemkunja vidole, havikunjuki hata kwenye dua.

“Mungu husikia hata ngumi, baba Tunu. Mimi nimechoka.”

Akainyanyua ile laini.

“Naahidi,” aliwaambia mashahidi kwa sauti, “kuishika hii mpaka nizeeke.”