Eti Hana Jeraha

Teksi ilitoa mlipuko wa ekzosi pale kwenye taa za Umbilo Road, na Mfanafuthi akamrukia mkewe. Alimbwaga sakafuni, akamkandamiza goti kifuani, akamkaba koo mpaka masikio yakamvuma. Alipomtambua alimwachia, akajikunyata kando ya kitanda analia.

"Eish, Mama Clara. Nisamehe."

"Usinililie mimi," alisema Blandina, akitema damu. "Leo kawalilie wao."

Blandina alimpata mwanamume huyu kwao Morogoro, mpiganaji wa Afrika Kusini aliye uhamishoni, katoka vitani Angola kupigana na askari wa Makaburu. Uhuru ulipopatikana akamfuata hadi Durban. Vita navyo vikawafuata. Kazi ya bandarini Mfanafuthi alifukuzwa kwa kumvunja msimamizi taya. Akaomba pensheni ya ulemavu, wakamkatalia, eti hana jeraha. Leo ilikuwa rufaa, na baada ya hapo hapana pengine pa kwenda.

Lakini mbele ya jopo alikaa wima kama yuko gwarideni. Unalala? Nalala vizuri. Una hasira? Hapana, mama. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alianza kukusanya makaratasi yake. Blandina alitamani kumzaba mumewe kofi. Nyumbani simba, hapa mwanakondoo!

Daktari wa jopo, Mzungu mwenye mvi, rika la Mfanafuthi, hakuuliza kitu. Kelele za barabarani zilimkera. Aliinuka tena, akawapa mgongo, akawa analisukuma dirisha ambalo lilikwisha kufungwa.

Hapo Blandina akatoa mkobani mfuko wa karatasi wa mkate. Ndiyo, aliupanga tangu nyumbani, na aibu atajua mwenyewe baadaye. Aliujaza pumzi, mumewe akimtazama kwa mshangao, akaupasua kwa kiganja.

Meza ilipinduka. Jagi la maji likavunjika, mwenyekiti akapiga yowe. Ngumi ilimpata Blandina mdomoni, kichwa kikagonga ukuta, vidole vikamzamia kooni. Hakupigana. Jino lilikuwa limeng'oka, na bado moyo wake ulishangilia. Waone! Waone wenyewe ninavyoishi!

Kisha, juu ya bega la aliyekuwa akimkaba, akamwona Mfanafuthi akiinuka kitini, mikono wazi, anakuja taratibu.

"Polepole, daktari," alisema. "Huyo ni mke wangu."