Mbio za Kugusana

Mama yake Suzana alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, kanga kaikaza kiunoni, manati shingoni, mgongo kawageuzia watu, akingoja kuguswa. Nkwabi alikuwa anakuja mbio. Nyuma yake kabisa, kijana wa Majimoto alikuwa bado anahangaika na makopo.

Suzana alijishika kifua. Ulikuwa umebaki mguso mmoja tu.

Mambo haya aliyaanzisha Gelasius, katekista wa Kasansa. Alikwenda Mpanda mjini, akaona kwenye televisheni Wazungu wanakimbia juu ya theluji na bunduki mgongoni, wanaume na wanawake timu moja. Wakifika mahali wanalenga shabaha, anayekosa anaongezewa mzunguko. Akarudi hana usingizi. Theluji hatuna, alisema, na bunduki Mungu atuepushie, lakini manati na makopo ya nyanya yapo. Basi ikapangwa kwamba sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, Kasansa na Majimoto washindane, kila upande wanawake wawili na wanaume wawili, na mshindi aondoke na beberu. Beberu mwenyewe aliletwa mapema, akafungwa karibu na altare, na misa ikaanza maua yameshaliwa.

Kasansa walimfuata Mama Rozalia kabla ya mtu mwingine. Mjane yule alikuwa ameshinda shambani miaka yote akiwinga ndege kwenye mpunga, na watu walisema kwelea kwelea wakiiona kanga yake wanahamia kwa jirani. Wa pili alikuwa binti yake Suzana, wa tatu Maiko wa kwaya.

Nkwabi alijileta mwenyewe. Alikuwa kijana wa Kisukuma, wa ng'ombe na pikipiki, ambaye dini ilimkolea ghafla mwezi uleule aliomwona Suzana akiimba. Alishatuma watu kuuliza kama wazee wake wanaweza kuja kwa mama. Mama alijibu amesikia. Akatuma tena. Mama akajibu bado anasikia.

Suzana alipombana, mama alisema vijana wa pikipiki wanachumbia kila gulio. Kusema kila mtu anajua. Yeye anataka kuona.

"Kuona nini, mama?"

"Nikikiona utajua."

Suzana alimtazama beberu, akadhani amejua. Akamwambia Nkwabi ashinde mbio hizi, mama atalainika.

Kwenye mazoezi watu walimtania Nkwabi kwa habari ya kaka yake, Ndaki, aliyeoa Majimoto. Ndaki alikutana na mama mkwe wake juu ya tuta la mpunga, njia nyembamba, na kwao Wasukuma mkwe hamgusi mama mkwe hata kwa bahati mbaya. Badala ya kupishana naye, akashuka mwenyewe kwenye maji mpaka kiunoni, na suti yake. Watu walicheka wakakaa chini. Mama Rozalia hakucheka. Aliuliza tu kama simu ilipona.

Ni yeye pia aliyekataa kijiti. Gelasius alitaka watu wapokezane kijiti, ni rahisi zaidi. Mama akauliza wale wa theluji wanapokezanaje. Gelasius akasema wanagusana, anayefika anamgusa anayeondoka.

"Basi na nyie tuacheni tugusane. Mimi kijiti nitakiangusha."

Na asubuhi ya mbio akaomba kitu kimoja kingine: Suzana atangulie, afuate Maiko, kisha Nkwabi, yeye amalizie, maana magoti yanataka kupata joto. Nkwabi alipoambiwa alijikuna shingo.

Kila mmoja alibeba mawe yake, wanawake kwenye fundo la kanga ubavuni. Suzana aliangusha makopo matatu, akazungushwa adhabu ya mawili huku Majimoto wakimpigia vigelegele. Maiko alipunguza pengo. Nkwabi ndiye aliyeligeuza. Alikimbia kama ng'ombe wake wameibiwa, akasimama, akalenga, makopo yote chini. Kasansa wakapagawa. Kilichobaki ni Mama Rozalia, na makopo kwa mama yule yalikuwa sawa na ndege waliolala.

Sasa Nkwabi alifika. Mkono ulikuwa tayari umenyooka. Hatua chache nyuma ya mama, mkono ukashuka. Akasimama. Akageuza uso pembeni, akachuchumaa, akaanza kuchungulia nyasi kama aliyedondosha sindano.

Watu wakapiga kelele amguse. Gelasius, katekista mzima, alitaja jina la Bwana vibaya.

Mama hakugeuka. "Niguse basi, kijana," alisema taratibu. "Mbuzi anaondoka."

"Aende tu, mama," Nkwabi aliyaambia majani.

Suzana alitamani ardhi immeze. Mtu hajawa mkwe wa yeyote, hajapokelewa hata posa, halafu anaanza heshima za ukwe katikati ya mashindano! Na kwa jinsi hii hatakuwa mkwe kamwe. Kijana wa Majimoto akapita akihema, akamgusa dada yake, dada akaondoka. Hata alipokosa makopo na kuzungushwa, Mama Rozalia alikuwa bado palepale, hajaguswa. Beberu akafunguliwa, akaenda Majimoto.

Gelasius alimwendea Nkwabi na maneno mengi. Suzana alikwenda kwa mama yake, macho yamejaa, ampokee mzigo. Akatoa manati shingoni mwake. Akafungua lile fundo la kanga ubavuni, ayamwage mawe.

Halikuwa na jiwe hata moja. Ilikuwamo rozari tu.

"Mwambie mkwe wangu ainuke," mama alisema, "na wazee wake waje Jumapili, baada ya misa."