Siku Tatu Bila Vidonge

Mkono wa kushoto wa Mwanakheri, fundi cherehani, ulianza kuchezacheza wenyewe. Aliijua dalili hiyo ya kifafa tangu alipoambiwa ana uvimbe kwenye ubongo. Akaacha kushona, akaketi sakafuni.

"Rahma, nakaribia kuanguka," alimwambia bibi harusi aliyekuwa akijaribu gauni. "Nilaze ubavu, wala usinitie kitu mdomoni."

Alipozinduka, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Rahma.

"Dawa umemeza, shangazi?"

"Leo siku ya tatu sijazigusa. Zinanitia usingizi, na harusi yako keshokutwa."

"Sasa ningeolewa kwa raha gani, nawe umeanguka kwa ajili yangu?"

Mwanakheri alijiinua akaketi. "Tangu nianze kuzimeza sikuwa nimeanguka hata mara moja. Nikadhani nimepona."

"Twende kwa daktari. Mwambie zinakulewesha, atajua la kufanya."

"Basi vua gauni kwanza, litachafuka."

Rahma alikwisha kumshika kiunoni. Wakatoka taratibu, mchana kweupe, gauni likiwa na mkono mmoja tu na pini zikimetameta mgongoni. Watu wa mtaa wakawapisha njia.