Tangi la Dawa ya Moshi

"Wenzio wote nimewang'olea mfumo huo wa kusafisha moshi, mama. Kwani moshi wa dizeli unakuuma wewe?" fundi Matano alifoka.

"Unamuuma mwanangu. Ana pumu. Hung'oi kitu."

"Basi okoa pesa ya dawa ya moshi, tia maji kwenye tangi lake, kama alivyokuwa akifanya mwenye gari wa kwanza!"

Zaina alimkazia macho. Huyu ndiye aliyemkagulia gari kabla hajalinunua, akaapa kuwa halina dosari.

"Nipe spana."

"Utachafuka, mama."

"Nitaoga."

Akajilaza chini ya gari, akalegeza bolti ya tangi. Maji matupu yakamtiririkia hadi kwapani. Kwa mkono wa pili alivuta dumu jipya la dawa, akang'oa lakiri yake kwa meno.