Kabla Kengele Haijalia

Daktari aliyeongoza jopo la usaili chuoni alikuwa anajichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu wakati mimi nazungumza.

Kanuni ya kujiunga na shahada ya mawasiliano ni hii: simama mbele ya jopo, zungumza mpaka kengele ilie. Ukinyamaza kabla, umefeli. Mwaka jana nilinyamaza. Hakuna anayeruhusiwa kujaribu mara ya tatu.

Nilikuwa nawasimulia jinsi mama alivyojieleza hospitalini hadi sauti ikamkauka, na hakuna aliyeinua uso kumtazama.

Daktari akachomoa kifuniko, akakikagua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akafuta nta kwenye ukingo wa meza, taratibu, kama mtu anayepaka siagi mkate.

"Endelea, kijana. Sauti unayo, kama mpiga debe."

Mhadhiri aliyekaa pembeni yake akacheka bila kuondoa macho kwenye simu.

Nikafunga mdomo.

Kifuniko kilichokuwa kinarudi sikioni kikasimama njiani.

"Mbona kimya? Kanuni si unaijua?"

"Naijua, Daktari. Na najua wewe ndiye unayefundisha Stadi za Kusikiliza, somo la lazima mwaka wa kwanza. Hebu niambie basi, nilikuwa namzungumzia nani?"

Akamgeukia mwenzake. Mwenzake akainamia simu.

Daktari akafungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena. Alikuwa bado hajatoa neno kengele ilipolia.