Makosa ya Kitabu cha Ahera

"Huyu si mama," alisema fundi cherehani, akakitupa kitabu juu ya vitambaa. "Huyu ni pazia."

Mdogo wake, aliyekuwa akipiga pasi suruali ya mteja, hakuinua macho. Kitabu kilikuwa cha binti wa huyo mdogo, mwanafunzi wa sekondari, aliyekisoma akilia wiki nzima kisha akakisahau pale dukani. Kilisimulia habari za msichana aliyekufa maji, akaamkia ahera, akawa anapita nyumba hadi nyumba akimtafuta mama yake aliyemtangulia.

"Dada, hicho ni kitabu cha watoto."

"Ndiyo maana wasidanganywe." Fundi alilamba kidole, akafunua. "Mama kavaa gauni jeupe, ananukia maua, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Mwanawe anafika kutoka duniani, hata hamuulizi kama amekula. Mama gani huyo?"

"Labda ahera hakuna njaa."

"Njaa ya mtoto haiishi kwa kufa."

Mdogo wake akaigeuza suruali upande wa pili. Fundi hakuwa na mtoto nyumbani, na habari za malezi alikuwa haachi mtu amshinde.

Aliapa hasomi tena. Alasiri hiyo shati la mteja likatoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, maana kitabu kilikuwa wazi mapajani. Alipofika pale mama anapombembeleza binti kwa wimbo wa mbuzi aliyevaa ndara, cherehani ikanyamaza. Mdogo wake akadhani uzi umekatika.

"Amekosea," alisema fundi hatimaye. "Mbuzi alivaa kofia."

"Dada, mbuzi ni wake. Si amvishe anachotaka?"

Fundi akaitazama picha ya mwandishi nyuma ya kitabu. Aliitazama, mdogo wake naye akimtazama yeye, hadi pasi ikaanza kuunguza suruali, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Jumamosi mwandishi alikuwa anakuja kusaini vitabu katika duka la vitabu la mjini. Fundi alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyong'olewa jino. Akavaa gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya harusi za watu, akaenda kupanga foleni na watoto wa shule.

"Mama, umemleta nani?" mlinzi aliuliza.

"Nimejileta."

Mwandishi alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa kucheka. Mtoto aliyekuwa mbele ya fundi akamuuliza kisa kile alikitoa wapi.

"Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana," alijibu, kama mtu aliyekwisha kulisema hilo mara nyingi. "Kaburi sijaliona. Baba alinihamishia mbali, na akiulizwa hukasirika. Basi nikaona nimtafutie mama mahali pa kukaa."

Mtoto akasema pole, akachukua kitabu chake, akaenda zake.

Njiani fundi alikuwa ameyapanga makosa yote kichwani, la mbuzi likiwa la kwanza. Sasa alisimama mbele ya meza, akakiweka kitabu juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umekisoma?"

"Mara mbili."

"Na umekipenda?"

Fundi alifikiri. "Mama yule umemfanya mpole mno."

Mwandishi akacheka. "Wengine wote wanampenda hivyohivyo."

"Wengine hawamjui."

Foleni nyuma ilianza kusukumana. Mwandishi akakivuta kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kalamu tayari.

"Haya, mama yangu, nimwandikie nani?"

"Andika tu, kwa Mama."

"Mama nani?"

Fundi alikifunga kitabu taratibu, akakigeuza kimwelekee yule binti, akaweka kidole kwenye jalada, juu ya jina la mwandishi.