Jibu la Mama Kakakuona

Zamani, wanyama walipopeleka watoto wao shule moja, mtoto wa Kakakuona alirudi nyumbani akilia.

"Mama, watoto wa tumbili wananipiga."

Mama Kakakuona alikuwa na magamba magumu na jibu moja kwa kila shida. "Jikunje, mwanangu, unyamaze. Bibi yako alijikunja, simba akachoka akaenda zake."

Kesho yake mtoto akajikunja. Tumbili wakafurahi, wakamfanya mpira, wakampiga mateke mpaka kengele ikalia. Ikawa hivyo kila siku. Na mama, kwa kuwa hakusikia kilio tena, akajisifu kwa jirani yake Nguchiro: "Wangu amekomaa."

Jioni moja alimpelekea mchwa wa kula, akamkuta amejikunja pembeni.

"Mwanangu, njoo ule."

Akajaribu kumkunjua, mtoto akazidi kujikaza. Magamba yaliyomshinda simba yakamshinda na mama.

"Ni mimi, mama yako."

"Uliniambia nikiumizwa nijikunje," sauti ikatoka ndani. "Hukuniambia nijikunjue kwa nani."

Mama akakaa chini. Hakumvuta tena, wala hakumfundisha kitu. Alijikunja kumzunguka, akasema polepole, "Nilikosea, mwanangu. Nipo, nakusikiliza."

Mchwa wote walitambaa wakaenda zao kabla mtoto hajatoa kichwa. Alipokitoa, alisema yote. Na asubuhi, mama ndiye aliyetangulia njia ya shule.